Udongo wetu unaenda wapi? Wanafunzi wa sekondari wapime, koperative ifaidike



Ukisimama Lushebere kisha mvua kubwa ya Aprili, ukaangalia mto kule chini, utaona maji yana rangi ya chai ya maziwa. Mto haukuzaliwa na rangi ile. Ni udongo wa mashamba, na ndani yake kuna samadi tuliyobeba kichwani na mbegu tuliyonunua kwa deni.

Wote tunaona. Lakini tukiulizana ni udongo wa kiasi gani, umetoka shamba la nani, na ungezuiwa namna gani, kila mtu anajibu kwa kukisia. Toleo hili linaeleza namna koperative inaweza kupata majibu yenye hesabu, kwa gharama ndogo, ikishirikiana na watu ambao hatukuwa tunawafikiria: wanafunzi wa shule ya sekondari iliyo karibu.

Darasani na kilimani

Katika shule zetu nyingi mwanafunzi anajifunza erozio kwa maneno ya ubaoni. Anakopi maana yake, anaikariri, anaiandika siku ya egzetat, anapata pointi zake. Lakini dirisha la darasa linaangalia kilima kinachotelemka kila mwaka, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba neno la ubaoni na kile kilima ni kitu kimoja.

Tena kuna jambo lingine la kusema wazi. Kwa wengi wetu, jembe shuleni lilikuwa azabu. Ukichelewa, nenda ukalime. Ukipiga kelele, nenda ukalime. Mtoto aliyelimishwa hivyo miaka sita anatoka na wazo moja: kilimo ni cha wenye makosa na cha waliokosa masomo. Kisha tunashangaa vijana wanapokimbilia Goma ama kwenye machimbo, na koperative inabaki na wazee.

Kazi tunazoeleza hapa zinatengeneza yote mawili. Mwanafunzi anaelewa somo lake kwa mikono, na mkulima anapata hesabu ya shamba lake.

Sisi wenyewe tulikosea

Mbele ya kuwaambia nyinyi, tuseme yetu. Miaka kadhaa iliyopita tulisindikiza koperative moja ya milima ya Masisi kuchimba mifereji ya kuzuia maji. Tulikuwa na haraka, tukapima kwa macho. Mfereji ulionekana umelala sawa kabisa. Kumbe upande mmoja ulikuwa chini.

Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, maji ya mfereji wote yalikimbilia ule upande, yakajaa, yakapasua ukingo. Yalipotoka yalikuwa na nguvu kuliko mvua yenyewe, yakapasua mfereji wa pili na wa tatu. Mama mmoja alipoteza maharagwe yake yaliyokuwa yanaanza kutoa maua. Alituuliza mbele ya mkutano: "Nyinyi ndio mulisema tuchimbe. Sasa mimi mbegu nitatoa wapi?" Hatukuwa na jibu zuri. Koperative ilimkopesha mbegu, sisi tukalipa sehemu, lakini ile sezoni ilikuwa imekwisha kupotea.

Mwalimu mmoja wa bioloji wa pale karibu ndiye aliyetuomba ruhusa ya kuleta wanafunzi wake wa mwaka wa tano na kipimo cha miti walichokitengeneza darasani. Wazee wengine walikataa. "Hawa watoto watatufundisha nini, sisi wenye tulilima mbele wazaliwe?" Lakini yule mama alisema wapime kwake. Walipomaliza, walionyesha kwamba kutoka mwanzo hadi mwisho mfereji ulikuwa umeshuka kiasi cha kimo cha goti. Hata yule mzee aliyekataa alikuja kuangalia kamba yenyewe. Mfereji ulichimbwa upya, safari hii kwa kufuata vijiti vya wanafunzi, na mvua zilizofuata haukupasuka.

Tangu siku ile tumebadilisha kazi yetu. Hizi ndizo kazi tano tunazopendekeza.

Kazi ya 1: Kipimo cha A

Hiki ndicho kipimo kilichotufundisha adabu. Kinatafuta mstari uliolala sawa kwenye kilima, ambapo maji hayakimbilii kushoto wala kulia.

Tafuteni miti miwili iliyonyooka ya metre 2, na mmoja wa metre 1 na nusu. Fungeni ile mirefu juu kwa msumari ama kamba, mufungue miguu, kisha mufunge mti wa tatu katikati kama herufi A. Kutoka kichwani mutelemshe kamba yenye jiwe. Jiwe lining'inie chini kidogo ya mti wa katikati.

Sasa kipimo kinafundishwa ukweli. Kisimamisheni, mutie vijiti fasi miguu inasimama, mutie alama fasi kamba inagusa mti wa katikati. Kigeuzeni, mguu wa kushoto uende kwenye kijiti cha kulia na wa kulia kushoto. Tieni alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo alama ya kweli. Kamba ikigusa hapo, miguu yote miwili iko kimo kimoja.

Shambani, mwanafunzi mmoja anashika mguu wa nyuma, mwingine anasogeza wa mbele juu ama chini mpaka kamba iguse alama. Wanatia kijiti, wanasonga mbele. Vijiti vikifuatana vinachora mstari, na pale ndipo mutachimba mfereji, udongo wake muutupe upande wa juu ama wa chini kufuatana na mpango wa shamba. Kwenye ukingo mupande majani yenye kushika udongo: setaria, tripsacum, matete. Majani hayo ni chakula cha ng'ombe pia, na Masisi yetu ni nchi ya ng'ombe na fromage. Mwenye nafasi aongeze kaliandra ama grevilea.

Kilima kikiwa kikali, mistari ikaribiane. Kikiwa cha pole, inaweza kuachana.

Siku ya upepo mwingi musipime. Kamba inacheza na itawadanganya.

Kazi ya 2: Chupa ya mvua

Mara nyingi tunasema "mwaka huu mvua imepungua." Pengine ni kweli, pengine mvua ni ileile lakini imekuja yote kwa siku chache. Bila daftari hatuwezi kujua.

Chukueni chupa ya plastiki ya litre 1 na nusu yenye ubavu ulionyooka. Kateni kichwa chake, mukigeuze kiingie ndani kama mrija wa kumiminia. Chini mutie vijiwe na maji mpaka pale ubavu unapoanza kunyooka, mutie alama ya sifuri. Kutoka sifuri kwenda juu mubandike karatasi ya rula yenye milimita. Funga chupa kwenye mti uliosimamishwa uwanjani, mbali na nyumba na miti: kama mti una metre 5, chupa ikae metre 10 kutoka hapo.

Kila asubuhi saa moja mwanafunzi wa zamu anasoma, anaandika tarehe na milimita, anamwaga, anarudisha maji kwenye sifuri. Siku isiyo na mvua anaandika 0. Ile sifuri ni habari, isiachwe.

Sasa hesabu inayofungua macho. Milimita 1 ya mvua juu ya metre carré 1 ni litre 1 ya maji. Mvua ya milimita 30 ni ya kawaida kwetu. Juu ya hekta moja inaleta litre 300,000, ndiyo bidoni 15,000 za litre 20, zinamwagwa juu ya shamba lako mchana mmoja. Fikiri kama nusu tu ya zile bidoni zinakimbia kilimani kwa pamoja.

Hesabu ileile inasaidia nyumbani. Paa ya mabati ya metre carré 40, kwa mvua hiyohiyo, inaweza kutoa litre 1,200, yaani bidoni 60. Kidogo kitapotea, lakini ni bidoni ngapi mama na watoto wasizobeba kutoka kwenye chemchem?

Kupima mvua shuleni si mchezo wa hapa kwetu peke yake. Programu ya GLOBE, iliyoanza kazi mwaka 1995, inawapa wanafunzi wa nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwemo, kazi ya kupima mvua, joto na udongo, na hesabu zao zinatumiwa na wataalamu. Mradi mwingine, TAHMO, unaweka mashine za kupima hali ya hewa katika shule za nchi nyingi za Afrika, juu shule ina ulinzi na ina watu wa kuangalia. Sisi tuanze na chupa.

Kazi ya 3: Udongo ndani ya chupa

Jirani anatia mbolea, mahindi yanasimama. Wewe unatia mbolea ileile, yanabaki njano. Sababu moja inaweza kuwa udongo wenyewe.

Chimbeni kina cha kiganja, muchukue udongo fasi tano za shamba, muchanganye. Ondoeni majani na mawe. Jazeni sehemu moja kwa tatu ya chupa, ongezeni maji karibu kujaa, na kidogo cha sabuni ya unga. Tikiseni dakika 5 kwa nguvu, musimamishe chupa, isiguswe tena.

Kisha dakika 1 mchanga umekwisha kukaa chini: tia alama. Kisha saa 2 tope laini limekaa juu ya mchanga: tia alama. Kisha siku moja ama mbili, udongo wa mfinyanzi umekaa juu: tia alama ya tatu. Pimeni kila tabaka kwa rula. Kwa mfano, jumla ikiwa sentimita 10, mchanga 4, tope laini 3, mfinyanzi 3, muna udongo wa 40, 30 na 30 kwa mia. Huo ni udongo mzuri.

Mchanga ukizidi sana, maji na mbolea vinapita haraka: tia samadi na mboji, na mbolea igawanywe mara mbili ama tatu. Mfinyanzi ukizidi, maji yanasimama na mizizi inakosa hewa: lima matuta, usiingie shambani udongo ukiwa umelowa sana.

Angalisho moja kwa wenye mashamba ya udongo mweusi mwepesi uliotokana na majivu ya volkano. Udongo ule unashikamana vipande vidogo ambavyo maji na sabuni haviachanishi vizuri, basi chupa inaweza kuonyesha mchanga mwingi kuliko ulivyo. Jaribuni na mkono pia: lowesha udongo, usukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Utepe mrefu, mfinyanzi mwingi. Usipotoka utepe, mchanga mwingi.

Hapa wazee wana kazi. Wao wana majina ya kila aina ya udongo kwa lugha za hapa, na wanajua kila mmoja unapenda zao gani. Wanafunzi wayaandike majina hayo kando ya matokeo ya chupa. Tumeona mara nyingi kwamba mzee na chupa wanasema kitu kimoja.

Kazi ya 4: Kupima udongo unaokimbia

Kwanza mfano wa kuonyesha watu. Kateni bidoni tatu ubavuni, muzilaze kwenye benchi iliyoinama, mdomo ukiwa upande wa chini. Ya kwanza ijazwe udongo mtupu. Ya pili udongo uliofunikwa na majani makavu. Ya tatu udongo wenye majani yaliyopandwa wiki chache mbele. Chini ya kila mdomo muweke chupa wazi. Mwagieni kila moja litre 2 kwa kopo lililotobolewa, polepole kama mvua. Maji ya ile ya kwanza yatatoka mengi na meusi. Ya tatu yatatoka machache na karibu safi. Fanyeni hivyo siku ya mkutano ama siku ya soko. Watu watauliza maswali kuliko kisha hotuba ya saa nzima.

Kisha kipimo cha kweli shambani. Chukueni vyuma vyembamba ama vijiti vigumu vya sentimita 50, muvizamishe mpaka nusu, mutie alama ya rangi usawa wa ardhi. Wekeni kumi kwenye shamba lililo wazi na kumi kwenye shamba lenye mistari ya majani, kilima kikiwa kikali sawasawa. Musipande juu yake, musipalilie karibu sana. Mwisho wa sezoni mupime alama imepanda juu ya udongo milimita ngapi. Fasi nyingine udongo utakuwa umefunika alama, andikeni hiyo pia, kisha mutafute wastani.

Milimita 1 ni unene wa kucha ya kidole. Kwa macho huwezi kuiona. Lakini milimita 1 ikiondoka juu ya hekta nzima ni metre cube 10 za udongo, uzito wa tani 10 hivi: magunia 100 ya kilo 100. Na ni udongo wa juu, ule wenye mbolea. Mtu akikuibia gunia moja la mahindi utapiga kelele kijiji kizima kisikie. Haya magunia 100 yanaondoka usiku, hakuna anayelia.

Kazi ya 5: Kusoma alama za mlima

Sisi watu wa Kivu Kaskazini tunaishi juu ya ardhi inayotembea. Nyiragongo ilitoa lava iliyoingia Goma tarehe 17 Januari 2002, ikatoa tena tarehe 22 Mei 2021. Ile milima inapimwa na wataalamu wa Kituo cha Volkano cha Goma, si kazi ya darasa. Lakini mlima unaoporomoka kwa mvua, huo tunaweza kuusoma sisi wenyewe. Hatujasahau Kalehe, Mei 2023, maji na mawe yalipoteremka juu ya Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400.

Wanafunzi wachore karata ya kijiji: nyumba, shule, vijito, mashamba, fasi miti imekatwa. Kisha waulize wazee ni wapi mlima ulishuka zamani, maana fasi uliposhuka unaweza kushuka tena. Watie alama pia pale wakulima wanapoona mambo haya: ufa mpya ardhini, miti ama nguzo zinazoinama, chemchem mpya ama ile ya zamani iliyokauka ghafla, mlango wa nyumba ulioanza kukataa kufunga.

Hapa tuseme kwa nguvu: mwanafunzi asitumwe kupima ufa, na mtu yeyote asikaribie mtelemko wa hatari wakati wa mvua. Kazi ya shule ni karata na kuuliza. Alama zikionekana, habari iende kwa chefu wa kijiji siku ileile, na watu wa chini wahame usiku wa mvua hata kama ni kwa jirani.

Namna ya kukubaliana na shule

Koperative ichague watu wawili, mwanaume na mwanamke, waende kumuona prefe wa masomo pamoja na mwalimu wa bioloji ama wa jografia. Mukubaliane mambo haya na muyaandike:

– Shamba gani litapimwa, na mwenyewe amekubali.
– Siku na saa. Kazi iwe ndani ya saa za masomo na ihesabiwe pointi, kama somo lingine.
– Wanafunzi hawalimi shamba la mtu wala la mwalimu. Wanapima, wanaandika, wanaeleza. Siku kazi itakapogeuka kibarua cha bure, wazazi wataikataa, na watakuwa na haki.
– Wasichana washike kipimo na kalamu, wasiachiwe kubeba maji tu.
– Daftari ziwe mbili: moja shuleni, moja kwa sekretere wa koperative.
– Mwisho wa sezoni wanafunzi waje mkutanoni kueleza walichoona, kwa Swahili ama lugha ya hapa. Mtoto anayeweza kumweleza bibi yake erozio, huyo amelielewa somo.

Maswali tunayoulizwa

Na kama watu wakikimbia vita? Tunajua hali yetu. Shule zinafungwa, nyingine zinalaza wakimbizi. Ndiyo maana tunasema daftari mbili. Ndiyo maana pia tumechagua vifaa vya miti na chupa: vikipotea, vinatengenezwa upya kwa siku moja. Na musimpeleke mwanafunzi kilimani siku ambayo hata nyinyi hamungeenda shambani.

Faida inaonekana lini? Kipimo cha A, mvua ya kwanza. Chupa ya udongo, siku mbili. Daftari ya mvua inataka uvumilivu. Mwaka wa kwanza inakueleza kidogo, mwaka wa tatu inaanza kukusaidia kuchagua wiki ya kupanda.

Nani atalipa? Kwa hesabu yetu, kitu cha kununua ni kamba, misumari, rula na daftari. Koperative nyingi zinatumia zaidi kwa vinywaji vya mkutano mmoja.

Tuanzie wapi?

Musianze zote tano. Anzeni na chupa ya mvua na kipimo cha A mbele ya sezoni kufika. Ule mfereji wa zamani munaoamini umelala sawa, mupeleke wanafunzi waupime kwanza. Kama uko sawa, mutalala vizuri mvua ikinyesha. Kama hauko sawa, ni afadhali kuambiwa na mtoto wa mwaka wa tano, udongo ukiwa mkavu, kuliko kuambiwa na maji usiku wa Aprili.

Tunawatakia sezoni njema. Mukipima, mutuandikie muliyoyaona, mazuri na mabaya, tutayachapa katika toleo linalokuja.